Upinde, kombeo au duara: mtoto aanze na mrusho gani wa softiboli?

Mtoto akirudi nyumbani na habari kwamba mwalimu wa michezo amemteua kuwa mrushaji wa timu ya softiboli, wazazi wengi wa Nairobi hufurahi kwanza, kisha hufungua simu kutafuta video, kisha huchanganyikiwa. Video ya kwanza inaonyesha mtu akiurusha mpira juu taratibu, nao unapanda na kujishukia wenyewe. Ya pili inaonyesha msichana akizungusha mkono mzima kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Ya tatu, mara nyingi ya zamani na isiyo na rangi, inaonyesha mkono ukivutwa nyuma hadi juu ya bega, kisha ukirudishwa mbele kwa kishindo. Zote tatu ni softiboli, zote ni za mkono wa chini, na kila moja ni halali mahali pake.

Ya kwanza nitaiita mrusho wa upinde. Mkono unaenda nyuma kidogo, unarudi mbele, mpira unapaa na kushuka, kama unapomrushia jirani funguo ghorofa ya kwanza. Ule wa video ya tatu ni mrusho wa kombeo: mkono unavutwa nyuma na juu kadiri bega linavyoruhusu, halafu unateremshwa kwa nguvu kwa njia ileile uliyopandia. Ule wa video ya pili ni mrusho wa duara: mkono unaanzia mbele, unapita juu ya kichwa, unashuka nyuma na kukamilisha mzunguko mzima kabla mpira haujaachiliwa. Wanaojua softiboli ya Olimpiki hulifikiria duara peke yake, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika, kwa sababu mtoto aliyeshika mpira mzito kwa mara ya kwanza jana hana haraka ya kufika Olimpiki.

Vigezo

Nitazipima njia hizi kwa mambo matano. La kwanza ni mchezo wenyewe: mtoto ataingia uwanja wenye sheria gani. La pili ni muda unaopita kabla hajaweza kuupitisha mpira juu ya pleti, lile bamba la chini mbele ya mpigaji, mara nyingi kuliko anavyoikosa. La tatu ni mwili, hasa bega. La nne ni kiwanja, vifaa na mtu wa kudaka, maana hapa mjini hayo huamua mengi. La tano ni nani anafundisha, na mrusho huo unampeleka wapi baadaye.

Kasi sikuiweka kuwa kigezo, na nimefanya hivyo makusudi. Mtoto anayerusha kwa nguvu bila kujua mpira unaelekea wapi anawatisha wenzake tu. Mpigaji mwerevu atasimama na gongo lake begani, ahesabu mipira minne mibovu, aende besi ya kwanza bure.

Kwanza nyonga, halafu ndipo uchague

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo linalowaokoa wengi. Mirusho hii mitatu inaanza mahali tofauti lakini inakutana pamoja: kando ya nyonga. Sheria za softiboli ya kasi, ile ambayo mpira hurushwa kwa nguvu bila kupaishwa, zinataka mpira uachiliwe mkono ukiwa chini ya nyonga, na kifundo cha mkono kisiwe mbali na mwili kuliko kisugudi. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya safari ya mkono, kutoka nyuma ya paja hadi mbele yake kidogo, ni ileile kwa upinde, kwa kombeo na kwa duara. Anayeijua sehemu hiyo anaweza kubadili mrusho baadaye bila kuanza upya. Asiyeijua atahangaika na mirusho yote mitatu.

Tundika blanketi kuukuu kwenye kamba ya nguo. Mtoto asimame ubavu, mita tatu hivi kutoka kwenye blanketi, bega la mkono wa glavu likiielekea. Aushike mpira kwa vidole, vitatu au hata vinne kama mkono ni mdogo, na mwanga uonekane kati ya mpira na kiganja. Mkono uning'inie umelegea, upelekwe nyuma kidogo, urudi, na mpira utoke pale mkono unapolipita paja, kwa kukunjua kifundo tu. Blanketi huumeza mpira ukaanguka papo hapo, hakuna kuukimbiza hadi kwenye mtaro.

Chora pia mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito kuuzunguka mpira mzima, na mtoto aushike huku mstari ukiwa umeelekea kule anakorusha. Mpira ukiruka na mstari ukabaki umenyooka, kifundo kimefanya kazi yake. Mstari ukiyumbayumba, mkono unapinda mpira unapotoka. Mtoto anaona kosa lake mwenyewe, na wewe unapumzika kupiga kelele. Wiki moja au mbili za zoezi hili, dakika chache kila jioni, ndizo ningemdai mtoto yeyote kabla ya kuzungumza habari ya upinde, kombeo au duara.

Mchezo unaomngoja

Upinde una mchezo wake kamili, ule wa softiboli ya polepole unaopendwa sana na watu wazima wa Marekani na Kanada wanaocheza kwa kujiburudisha. Huko upinde ni lazima: kwa sheria za Marekani mpira unatakiwa upande angalau mita 1.83 kutoka chini na usizidi mita 3.05, na mrushaji mtu mzima husimama mita 15.24 kutoka kwenye pleti. Mpira ukija bapa, mwamuzi anaukataa. Raunda, ambayo wasichana wengi wa shule za msingi hapa mjini wameicheza, nayo hurushwa kwa mkono wa chini, ingawa mpira wake unatakiwa ufike kati ya goti na kichwa cha mpigaji na hauhitaji kupaa. Mwili unafanya kazi ileile. Ndiyo maana binti wa raunda akishika mpira wa softiboli huanza na upinde bila kufundishwa na mtu.

Kombeo na duara ni za softiboli ya kasi. Kombeo limesahaulika kidogo, na watu hulidharau bila sababu. Joan Joyce, mmoja wa warushaji wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huu, alirusha kwa kombeo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alimshinda Ted Williams, mpigaji gwiji wa besiboli, katika onyesho mjini Waterbury, Connecticut. Mrusho uliomsumbua Ted Williams haukosi kumtosha mtoto wa Buruburu.

Hata hivyo, ukitazama mashindano ya leo utaona duara tu. Softiboli ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, ikaondolewa baada ya Beijing 2008, ikarudi Tokyo, na imo katika ratiba ya Los Angeles 2028. Umbali kutoka bamba la mrushaji hadi pleti ni mita 13.11, na mpira unaorushwa na mtu mzima mwenye nguvu unaufika mkono wa mpigaji chini ya nusu sekunde. Sheria zinaruhusu mzunguko, ila mkono hauruhusiwi kuzunguka mara mbili kamili.

Je, upinde unaweza kutumika katika mchezo wa kasi? Unaweza, mradi mkono na miguu vifuate sheria. Tatizo ni mpigaji. Katika mechi ya watoto wanaoanza, ambapo hata wapigaji hawajui kupiga, upinde hupita vizuri na mchezo huenda mbele. Katika mechi ya sekondari, mpira wa upinde utaufuata ng'ambo ya uzio. Kabla ya kununua chochote, muulize mwalimu swali moja: je, mpira unaruhusiwa kuja bapa? Jibu lake litakuondolea nusu ya maswali mengine.

Muda wa kuanza

Hapa upinde hauna mpinzani. Mtoto aliyezoea raunda au kati ataufikisha mpira kwenye pleti siku hiyohiyo. Kinachomsumbua ni urefu: akichelewa kuachilia, mpira unapaa juu ya kichwa cha mpigaji, akiwahi, unadunda mbele yake. Hilo hurekebishika kwa kumwekea ndoo mahali pa pleti na kumwambia autie mpira ndani. Watoto huligeuza mashindano, na hapo kazi yako imekwisha.

Kombeo huhitaji majuma machache. Mkono una njia mbili tu, kurudi nyuma na kuja mbele, kwa hiyo mahali pa kukosea ni pachache. Kosa kubwa ni mtoto kuinama mbele mkono unapopanda nyuma, hadi macho yanaangalia vidole vya miguu. Mpira wa mtoto aliyeinama huenda chini kila mara. Mwambie ausome uso wa mdakaji muda wote, na mgongo hunyooka bila kutajwa.

Duara ni habari nyingine. Tarajia miezi, na katika majuma ya kwanza tarajia mpira kwenda nyuma ya mrushaji, juu ya paa la darasa, au kwenye gari la mwalimu mkuu. Sababu si uzembe. Mkono unaozunguka ukifika nyongani unakuwa na kasi kubwa, na muda wa kuachilia mpira ukawa mfupi mno. Kuchelewa kidogo tu kunaupeleka mpira angani. Wanaofundisha vizuri hulikata duara vipande na kuanzia mwisho. Kwanza ni nyonga, lile zoezi la blanketi. Kisha mkono uanzie nyuma, usawa wa bega, mpira ukielekea juu, ushuke na kuachilia. Kisha uanzie juu ya kichwa, mkono umekunjwa kidogo kwenye kisugudi, usikakamae. Kisha mzunguko mzima miguu ikiwa imetulia. Hatua ya mguu huja mwisho kabisa: mguu wa upande wa glavu unaruka mbele na kutua umepinda kidogo, mguu wa nyuma unasukuma bamba halafu unaburuzwa kufuata.

Mtoto atataka kuanza na hatua ya mguu, kwa kuwa ndiyo inayopendeza kwenye video. Mkatalie kwa upole.

Kuna jambo moja la kombeo na duara ambalo watu hawalitaji. Mtoto aliyerusha kombeo kwa misimu kadhaa amezoea mkono kusimama kidogo kule juu nyuma, kabla ya kugeuka. Akihamia duara, hubeba kile kituo: mkono unafika juu ya kichwa, unasita, halafu unashuka. Duara linalosita hupoteza kasi yote liliyoikusanya, na mpira hutoka pembeni. Kituo hicho huondoka, lakini kinachukua muda. Kwa hiyo kombeo ni daraja zuri kwa yule anayekaa juu yake kwa muda mfupi.

Bega na mwili

Kwa miaka mingi makocha waliamini kwamba mrusho wa mkono wa chini ni wa asili, haumuumizi mtu, na mrushaji mmoja anaweza kurusha mechi zote za mashindano. Vipimo vya wataalamu wa viungo vimeonyesha vingine: katika mrusho wa duara, sehemu ya mbele ya bega na kano ya msuli wa mkono inayoshikamana hapo hubeba mzigo mzito, unaokaribiana na ule wa warushaji wa besiboli. Mwongozo wa madaktari wa michezo wa Marekani kwa watoto unataka mtoto wa miaka 8 hadi 10 asizidi mirusho 50 kwa mechi, wa 10 hadi 12 asizidi 65, na wa 13 na 14 asizidi 80, pamoja na siku za kupumzika. Mjapani Yukiko Ueno alirusha mipira 413 kwa siku mbili Beijing mwaka 2008 na kuipatia nchi yake dhahabu, akarudi Tokyo akiwa na miaka 39 na kuipata tena. Sifa zake ni halali, ila asiwe kipimo cha mtoto wa darasa la sita.

Kombeo lina hatari yake pale mkono unapofika juu nyuma, maana bega linanyooshwa kwa nguvu. Mtoto mwenye bega gumu asilazimishwe kufikisha mkono juu kama mwenzake. Upinde ndio mpole kuliko yote na mtoto anaweza kurusha mingi bila kuchoka, ingawa maumivu yoyote ya mbele ya bega, kwa mrusho wowote, yanamaanisha kuacha siku hiyo. Watoto huyaficha ili wasiondolewe kwenye timu. Uliza.

Uzito wa mpira nao uangaliwe. Mpira wa softiboli wa kawaida, wenye mzingo wa sentimita 30 na nusu hivi, una gramu 178 hadi 198, zaidi ya mara tatu ya mpira wa tenisi. Watoto walio chini ya miaka 10 kule Marekani hutumia mpira mdogo zaidi, wa mzingo wa sentimita 28, na hurusha kutoka mita 10.67, walio chini ya 12 husogea hadi mita 12.19. Shule nyingi zetu zina mpira wa saizi moja tu. Usiwe na haya ya kumsogeza mtoto karibu na kumpa mpira wa tenisi. Kiganja kidogo kikiukumbatia mpira mkubwa, vidole havifanyi kazi, na kosa hilo hudumu.

Kiwanja, vifaa na mdakaji

Upinde unaweza kufundishwa kwenye maegesho ya korti ya mtaa. Hautaki glavu ya maana, na dada, kaka au shangazi anaweza kudaka bila kuhatarisha vidole. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi 40 na mipira mitatu, hakuna njia nyingine ya maana ya kuanza somo.

Kombeo linataka nafasi kidogo zaidi nyuma ya mrushaji, na mdakaji mwenye glavu. Glavu za mitumba hupatikana ukiwa na subira Gikomba au Toi, lakini angalia ni ya mkono gani kabla ya kulipa: mrushaji wa mkono wa kulia huvaa glavu mkono wa kushoto, na wauzaji wengi hawajui tofauti. Vuta pia kamba za kati ya kidole gumba na cha shahada. Zikiwa zimekauka na kupasuka, mpira utazipita siku ya kwanza.

Duara linadai zaidi. Mdakaji avae barakoa ya kinga, akalie ndoo ya rangi iliyopinduliwa kama magoti hayamruhusu kuchuchumaa, na asiwepo mtu yeyote kando ya mrushaji wala nyuma yake. Madirisha ya jirani nayo yahesabiwe. Halafu kuna ardhi. Mguu wa nyuma unaburuzwa katika kila mrusho wa duara, kwa hiyo kwenye kabro unakula kiatu na kukwaruza kidole gumba, na kwenye udongo mweusi wa Embakasi au South C wakati wa mvua unateleza au unanasa kabisa. Mguu ukinasa huku mwili unakwenda mbele, goti na kiuno vinalipa. Masika ikiingia Machi, mfundishe ndani ya ukumbi bila hatua ya mguu, au rudini kwenye blanketi. Kwenye nyasi kavu au udongo mwekundu uliosawazishwa, duara ni raha.

Anayefundisha

Upinde unafundishwa na yeyote mwenye subira. Kombeo linataka mwalimu mwenye jicho, anayeweza kuona kwamba bega limefunguka mapema. Duara linataka mtu aliyewahi kulifanya, au mtu aliye tayari kumrekodi mtoto kwa simu na kuitazama video polepole, akiwa upande wa mkono unaorusha na tena akiwa nyuma ya mdakaji. Bila mojawapo ya hao, duara linajengwa kwa makosa, na kulivunja ni kazi kubwa kuliko kulijenga.

Tena ukiingia kwenye video za duara utakuta makocha wanavutana, na mzazi asiyejua hubadilishiwa mafundisho kila juma. Shule ya zamani inamwambia mtoto amalize mrusho kwa kukunja mkono kwa nguvu, kiganja kikitazama juu, kisugudi kikimwelekea mdakaji na vidole vikigusa bega. Shule ya sasa inasema mkono ulegee, upande wake wa ndani uguse ubavu karibu na nyonga, ugeuke wenyewe kwa ndani mpira unapotoka, kisha umalizie kwa kuvuka mbele ya mwili. Ukisimamisha video ya mrushaji yeyote wa Olimpiki pale mpira unapotoka, utaona hiyo ya pili, hata kwa wale wanaofundisha ya kwanza. Mimi ningefundisha ya pili. Ile ya zamani haimharibu anayerusha upinde, maana kasi ni ndogo. Kwa duara inamfanya mtoto ausukume mpira badala ya kuuachia kasi ya mkono.

Kuna njia rahisi ya kujua kama mkono unagusa panapotakiwa. Paka chaki upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kisugudi. Baada ya mirusho kadhaa, tazama trakisuti. Alama nyeupe ikiwa ubavuni karibu na nyonga, endeleeni. Kama hakuna alama, mkono unapita mbali na mwili, na mpira utakuwa unakwenda pembeni. Ikiwa alama iko kwenye paja, mtoto anainama. Mama wa kufua nguo atalalamika, lakini chaki hutoka kwa maji.

Baadaye mrusho upi unafungua mlango upi? Upinde unabaki mchezo wa maisha, hata kwa mama na binti kwenye timu moja. Kombeo linamfikisha mtoto kwenye mechi za kasi za shule na linaweza kumtosha hadi kidato cha nne. Anayetamani timu ya taifa au nafasi ya masomo ng'ambo kupitia mchezo atahitaji duara, maana huko ndiko wachaguzi wanakotazama.

Kulingana na hali yako

Kama mtoto ana miaka 8 au 9, anacheza raunda na hajawahi kushika mpira mzito, mwanzishe na nyonga kisha upinde, kwa mpira wa tenisi. Duara lipo na halikimbii.

Kama ana miaka 10 hadi 12, ana hamu kweli, na kuna dada wa mtaani au mwalimu aliyewahi kurusha duara, nenda moja kwa moja kwenye duara lililokatwa vipande, bila kupitia kombeo. Katika mechi za majuma ya kwanza mwache arushe upinde ili wenzake wacheze.

Kama mashindano yako karibu na timu haina mrushaji, kombeo ndilo litakalokutoa. Mchague mtoto mtulivu kuliko mwenye nguvu. Akitaka duara, lisubiri likizo.

Kama ni msichana wa sekondari anayeanza akiwa na miaka 14 au 15, mwili wake tayari una nguvu, na uamuzi ni wake. Anayetaka kuisaidia shule msimu huu achukue kombeo. Anayetaka kuendelea baada ya shule aanze duara sasa, akijua kwamba msimu wa kwanza atakaa benchi.

Mwenye mkono wa kushoto hafuati njia tofauti. Kila kitu kigeuzwe upande tu, na asimame mbele yako mkitazamana ili aige kama kwenye kioo. Kupata glavu yake ndiyo kazi, kwa hiyo anza kuitafuta mapema.

Kama mtoto aliwahi kuumia bega, au analalamika akiinua mkono juu ya kichwa, upinde ndio wake hadi daktari au mtaalamu wa viungo aseme vinginevyo.

Na kama mnapanga kutumia likizo ya Agosti, ardhi itakuwa kavu lakini asubuhi za Nairobi wakati huo ni baridi. Anzeni saa nne jua likishatoka, mtoto akimbie mizunguko ya kiwanja na kuzungusha mabega bila mpira hadi ajisikie kuvua sweta, ndipo ashike mpira.